Kubandika vigae kwenye ukuta wa zege: mwongozo kamili kwa nyumba zetu za mteremkoni Kigoma

Kigae kikianguka, usikitupe. Kiokote, kigeuze, utazame mgongo wake. Ukikuta gundi yote imeng'ang'ania kwenye kigae na ukutani pako patupu, ukuta ndio ulioachia. Ukikuta gundi imebaki ukutani, mistari ya meno ya mwiko bado imesimama kama matuta ya viazi, ujue gundi ilishakauka uso kabla kigae hakijakandamizwa, au mgongo wa kigae ulikuwa na vumbi.

Bafu la mama yangu kule Bangwe nililibandika mwenyewe, mwezi wa nane, ukuta ukiwa umekauka kau. Januari, mvua ikiwa imeshika, safu tatu za ukuta wa nyuma zilishuka usiku mmoja. Mama alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri: "Baba, njoo uone. Ukuta umevua nguo." Nilifika, nikaokota vipande, nikavigeuza kimoja kimoja. Gundi nzima ilikuwa mgongoni mwa vigae, na zege nyuma yake lilikuwa laini, linang'aa, limelowa. Makosa yalikuwa mawili na yote yangu. Sikuondoa oili chafu iliyopakwa kwenye mbao wakati wa kumwaga zege, na sikujiuliza ukuta ule umeshika nini upande wa pili. Tangu siku hiyo kazi ya vigae kwangu ni theluthi mbili ukuta, theluthi moja vigae, na ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu.

Ukuta ulioshika udongo

Mji wetu umekaa kwenye vilima vinavyoshuka ziwani. Ukichimba kiwanja ili upate sehemu tambarare, ukuta wa nyuma unakuwa umeegemewa na mlima, na kwa sababu hiyo wengi tunaumwaga kwa zege badala ya kuujenga kwa tofali za kuchoma. Mvua ya Novemba hadi Aprili inalowesha udongo ule, na maji yanapenya zege polepole, yanatokea ndani. Watu wanadhani zege halipitishi maji. Linapitisha, hasa kama halikushindiliwa vizuri likabaki na vishimo.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua nailoni safi ya kuona ndani, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne pasibaki upenyo. Kiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ndani wa nailoni, yaani upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakitokea upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba tu. Fanya kipimo hiki wakati wa mvua. Ukuta uliopimwa Agosti unaweza kukudanganya kabisa, kama ulivyonidanganya mimi.

Unga mweupe unaochanua ukutani kama chumvi nao ni shahidi. Maji yanapita ndani ya zege, yanabeba chumvi za simenti, yanakauka usoni na kuziacha. Ukiusugua bila kuziba njia ya maji, utarudi.

Tiba iko nje. Chimba mfereji nyuma ya ukuta hadi chini ya usawa wa sakafu, laza bomba lenye matundu linaloshuka kuelekea pembeni mwa nyumba, jaza kokoto, halafu hakikisha maji ya bati yanaingia kwenye gata na kupelekwa mbali. Kama nyumba ya jirani imebana na huwezi kuchimba, kuna dawa za unga wa simenti za kuzuia maji zilizotengenezwa kuhimili maji yanayosukuma kutoka nyuma. Soma mfuko uone kama imeandikwa hivyo, maana nyingi zinafaa tu kwa maji yanayotoka mbele. Rangi ya plastiki usijaribu, itavimba kama andazi.

Zege jipya lisubiri. Linaendelea kukauka na kusinyaa kwa wiki kadhaa. Siku 28 ni kiwango cha chini, mimi naacha wiki sita. Lipu mpya, wiki mbili.

Kuhusu nyufa: sisi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, na kitovu cha tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, kilikuwa hapa hapa Ziwa Tanganyika. Udongo wa mteremkoni nao haukai kimya. Ukiona ufa, chora mstari wa penseli unaoukata, andika tarehe na upana wake, rudi baada ya miezi miwili. Ufa unaopanuka unamhitaji mtu wa msingi na nondo, na vigae havitausaidia. Ufa uliotulia upanue kwa tindo uwe na umbo la V, ufagie vumbi, uuzibe kwa mchanganyiko wa simenti wenye dawa ya kushikisha, ile nyeupe kama maziwa.

Kuusoma uso wa ukuta

Nyunyizia maji. Yakinywewa na ukuta ukawa na rangi nzito ndani ya dakika moja hivi, uko vizuri. Yakikusanyika matone na kuteleza kama kwenye jani la gimbi, kuna mafuta, au zege ni laini mno. Hapo gundi yoyote, hata ya bei ya juu, itashika lile tabaka la mafuta tu.

Sabuni na maji ya moto vinaondoa mafuta ya juujuu, lakini oili iliyonywewa na zege haitoki kwa brashi. Dawa yake ni kuikwangua kwa grinda yenye diski ya kikombe, au kudonoa kwa tindo na nyundo. Ukidonoa, alama ziwe karibukaribu, za kina cha milimita 3 hadi 5, ukuta wote uwe na sura ya uso uliotoka ndui. Mkono utauma. Gawa kazi siku mbili. Vaa miwani na barakoa, maana vumbi la zege linaharibu mapafu, na lowesha ukuta kidogo ili vumbi lisipae. Ukimaliza, fagia kwa brashi ngumu, suuza kwa maji, kisha rudia lile jaribio la kunyunyizia.

Rangi ya mafuta iondoe yote. Lipu ya zamani igonge kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua, ukisikiliza. Penye afya panatoa sauti kavu, fupi. Palipoachana panalia kama debe tupu. Bomoa hapo hadi ufikie sehemu inayoshika.

Kisha weka rula ndefu ya alminiamu, ya mita 2, iegemeze ukutani wima, kisha kwa ulalo, kisha kwa mshazari. Nafasi chini ya rula isizidi milimita 3. Timazi nayo iangushwe kila kona. Wengi wetu tukiona bonde tunasema "gundi itajaza." Gundi ya kawaida ya vigae haikutengenezwa kujaza mabonde ya sentimita mbili: ikiwa nene inasinyaa, inavuta kigae, na kigae kinateleza usiku wakati umelala. Bonde linajazwa na lipu.

Chapia na lipu

Zege tupu halishiki lipu vizuri bila kuchapiwa. Koroga simenti kipimo 1 na mchanga mkali vipimo 2, majimaji kiasi cha kurushika, kisha urushe kwa mwiko kwa nguvu hadi ukuta uwe na miba. Usiupapase, acha ile miba kama ilivyo. Umwagilie kesho yake, uupe siku mbili tatu.

Mchanga tuuzungumze, maana hapa ndipo pesa inapotea. Mchanga wa pwani ya ziwa letu hauna chumvi kama wa baharini, ila ni mwembamba na wa mviringo, una makombe, na haushikani vizuri. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo mchanga wa kuchota pale usiununue. Nunua mchanga wa mto, upime. Jaza chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongeza maji hadi karibu ijae, weka kijiko cha chumvi, tikisa, iache masaa matatu. Mchanga utatua chini, tope litakaa juu yake kama utando. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10 na tope likazidi sentimita 1, uoshe au utafute mwingine.

Lipu ya kubebea vigae iwe simenti 1 kwa mchanga 4, unene wa milimita 10 hadi 15. Ukihitaji zaidi, piga tabaka mbili, la kwanza likwaruzwe kabla halijakauka. Inyooshe kwa rula, usiiteleze kwa mwiko wa chuma, na tafadhali usiipige nili, ile simenti tupu inayosuguliwa hadi ing'ae. Nili ni nzuri kwa sakafu ya kufagia. Kwa ukuta wa vigae inarudisha ule ule utelezi tuliouondoa kwa tindo. Mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Bafuni, sehemu zinazorukiwa na maji zipakwe dawa ya kuzuia maji inayokubali gundi ya vigae juu yake. Tabaka mbili: la kwanza kwa brashi ya kwenda juu na chini, likikauka la pili kwa brashi ya kwenda kushoto na kulia, ili tundu lililoachwa na la kwanza lifunikwe na la pili. Kona na pale ukuta unapokutana na sakafu paongezwe kitambaa chake cha wavu.

Hesabu kabla ya kwenda dukani Mwanga

Chukua bafu la mita 1.8 kwa 1.5, vigae vikipanda hadi mita 2.1. Mzunguko ni mita 6.6, zidisha kwa 2.1 upate mita za mraba 13.86. Toa mlango wa mita 0.75 kwa 2.1, inabaki takribani 12.3. Ongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika, 13.5. Kigae cha sentimita 25 kwa 40 ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba, kwa hiyo ni vigae 135. Gundi inakula takribani kilo 5 kwa mita ya mraba, yaani mifuko minne ya kilo 20, ibaki kidogo. Grauti, unga wa kujazia nafasi kati ya vigae, kilo 3 zinatosha kwa nafasi ya milimita 2.

Sisi wa huku ile asilimia 10 tusiifanyie ubahili. Mzigo unatoka mbali, na boksi zikiisha dukani, zinazokuja zinaweza kuwa na jina lile lile na picha ile ile lakini rangi imepauka kidogo, au ukubwa umepungua milimita moja. Milimita moja kwa vigae saba ni milimita saba, na mistari haitakutana. Soma namba ya toleo na alama ya rangi ubavuni mwa kila boksi kabla hujalipa. Zote zifanane.

Pindua kigae, dondosha tone la maji mgongoni. Likinywewa haraka, ni seramiki ya ukutani. Likikaa juu, ni porselini, ambayo karibu hainywi maji kabisa. Hiyo inataka gundi iliyoongezwa nguvu na inayoandikwa kwamba inafaa porselini. Seramiki yenye mgongo unaonywa maji mafundi wengi huibandika kwa simenti tupu, baada ya kuiloweka, na kwenye lipu yenye makwaruzo kazi hiyo huweza kudumu. Lakini kwenye zege, na bafuni, mimi siifanyi tena kwa mteja wala kwa mama. Na kumbuka, kuloweka ni kwa simenti tupu tu. Ukitumia gundi ya mfuko, kigae kiwe kikavu. Futa vumbi la mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Kupanga

Panga kwanza kwa penseli. Ukuta wa mita 1.8 ukianza kona moja na vigae vya upana wa sentimita 25, vigae saba vinaingia na kona ya pili unabaki na ukanda wa sentimita tatu na ushee. Ukanda huo ni mgumu kuukata, na unaonekana vibaya milele. Badala yake tafuta katikati ya ukuta, piga mstari wa wima kwa timazi, anza pale na kiungo, yaani nafasi kati ya vigae viwili: kila upande unapata vigae vitatu vizima na kipande cha sentimita 14. Kona zote mbili zinafanana, na kipande kimezidi nusu.

Safu ya chini usiianze. Sakafu ya bafu inashuka kuelekea kwenye tundu la maji, kwa hiyo ukiifuata, safu zote zitalewa. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya sakafu, hesabu na unene wa vigae vya sakafu kama bado havijalazwa, kisha panda sentimita 39 na upige mstari wa ulalo kuzunguka chumba kwa pima maji au kwa mpira wa maji. Kwenye mstari huo simamisha ubao ulionyooka, nawe uanze safu ya pili juu ya ubao. Ubao uegemeze juu ya vipande vya tofali na kabari. Ukiupigilia misumari utatoboa dawa ya maji uliyoipaka kwa siku mbili.

Kubandika

Siku ya kazi zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa soketi zozote. Vaa glavu, simenti inaunguza ngozi taratibu, unagundua jioni.

Maji yatangulie kwenye ndoo, unga ufuate, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Koroga hadi madonge yaishe, acha dakika tano, koroga tena. Iwe nzito kuliko uji, laini kuliko ugali, isimame kwenye mwiko ukiuinamisha. Ikianza kugangamaa ndani ya ndoo, itupe. Kuiongezea maji ili ilainike ni kujitafutia kazi ya kurudia.

Kama ukuta umepata joto, ulambishe maji kwa sponji, usiuloweshe. Kuanzia Juni hadi Septemba jua letu linakausha gundi haraka. Fanya kazi asubuhi, funika dirisha. Paka gundi kwanza kwa upande bapa wa mwiko, uikandamize iingie kwenye vishimo, kisha ongeza na uchane kwa upande wa meno, mistari yote ya ulalo, eneo la vigae vinne au vitano tu. Gusa kwa kidole: gundi ikishika kidole, endelea. Kidole kikitoka kikavu, kwangua yote, upake upya.

Paka na mgongo wa kigae tabaka jembamba. Kiweke karibu na mahali pake, kisukume kidogo kukatisha mistari, kisha kigonge kwa nyundo ya mpira. Ile mistari inalala na hewa inatoka. Weka spesa, vile vimsalaba vya plastiki, kila kona. Baada ya kigae cha tatu au cha nne, kichomoe kimoja utazame: mgongo wote umeguswa? Bafuni usikubali pengo. Ule mtindo wa mafundo matano, manne kwenye kona na moja katikati, unaacha mifuko ya hewa ambamo maji yanakaa, na kigae kikigongwa na ndoo kinapasuka pale pale palipo patupu.

Weka pima maji juu ya kila safu. Gundi iliyotokeza kwenye viungo ikwanguliwe ikiwa mbichi kwa kijiti.

Mikato ya moja kwa moja ifanywe na mashine ya kukatia vigae ya mkono: chora mara moja kwa nguvu moja, bonyeza. Tundu la bomba likatwe kwa grinda yenye diski ya almasi, kutokea upande wa mgongo, na miwani machoni. Ukilowesha ili kupunguza vumbi, msaidizi anyunyizie kwa kidogo kwenye kigae, na grinda yenyewe na waya wake viwe vikavu; maji na umeme wa nyumba vimeshaua mafundi.

Kesho yake ondoa ubao, kata vigae vya safu ya chini kimoja kimoja kwa kufuata mteremko wa sakafu, ukiacha milimita 3 chini.

Viungo

Subiri saa 24, na wakati wa mvua 48. Ondoa spesa zote. Koroga grauti ndogo ndogo, isukume kwa mwiko wa mpira ukienda mshazari, ili ncha isiichote kutoka kwenye kiungo. Ikianza kufifia, kama dakika 15 hivi, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, ukibadilisha maji mara kwa mara. Sponji yenye maji mengi inaosha rangi ya grauti na kuiacha na mabaka. Ukungu mweupe utakaobaki upangusie kitambaa kikavu jioni.

Kona za ndani, na pale ukuta unapokutana na sakafu, usijaze grauti. Kuta mbili hazisogei kwa pamoja, na grauti haina mnyumbuko. Itapasuka, maji yataingia. Jaza silikoni ya bafuni inayozuia ukungu, kiungo kikiwa kikavu kabisa, uilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni. Kuzunguka bomba fanya hivyo hivyo.

Usioge humo kwa siku saba. Zikifika, chukua shilingi, gonga kila kigae katikati na kona nne. Kinacholia debe kitoe sasa, kabla hakijashikwa na ukungu.

Ukuta wa Bangwe niliurudia hivi: mfereji nyuma, kudonoa siku mbili, chapia, lipu, dawa, vigae. Vimebaki kumi na moja. Mama amevifunga kwenye kanga kuukuu, kipande cha boksi chenye namba ya toleo kikiwa juu, akavisukumia uvunguni mwa kitanda.